Makadirio ya TRA yanakuja, jipange sasa: mwongozo kwa watu wa Dodoma

Mbukwenyi wadau wa Dodoma, na majirani wa Singida mpo humu najua. Januari hii kila mtu anawaza ada na sare za watoto, kodi ya mapato na makadirio yake, yaani kodi unayotarajia kulipa mwaka huu, hakuna anayeyakumbuka mpaka wiki ya mwisho ya Machi, hapo ndo unaona foleni TRA imetoka nje mpaka kwenye jua na kila mtu kashika bahasha ambayo hata mwenyewe hajui ndani kuna nini. Nimeandika hii kwa mtu binafsi tu: mwenye duka, mama lishe, fundi, dalali wa mahindi, mtumishi mwenye kabiashara pembeni, mwenye nyumba ya kupangisha. Makampuni yana taratibu zake na wana wahasibu wao.

Nianze na lile kubwa kabisa, maana ukilishika hilo mengine yote ni utekelezaji. Kodi yako inaamuliwa na karatasi ulizonazo kuliko maneno utakayoongea mezani kwa afisa. Watu wanajiandaa kwa kujipanga namna ya kulia shida, mara biashara ngumu, mara watoto wanne, afisa hayo kayasikia toka asubuhi. Daftari lenye mauzo ya kila siku hajaliona toka asubuhi.

Kwanza jua uko kundi gani

Hapa wengi wanapachanganya. Kama wewe ni mwajiriwa tu, mwajiri mmoja, hela nyingine huna, mwajiri anakukata PAYE (kodi ya mshahara) kila mwezi na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, wewe huna ritani (fomu ya kutangaza mapato yako TRA) ya kujaza. Kazi yako ni moja, kuangalia salari slipu kama makato yako sawa. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, mpaka 270,000 kwa mwezi hukatwi kitu, kutoka hapo mpaka 520,000 unakatwa asilimia 8 ya kile kilichozidi, mpaka 760,000 ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kilichozidi 520,000, mpaka milioni moja ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kilichozidi 760,000, na juu ya milioni ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kilichozidi. Usisahau mchango wako wa hifadhi ya jamii unatolewa kabla ya kupiga kodi. Yaani ukilipwa 800,000 na NSSF ikachukua asilimia 10, kodi inapigwa kwenye 720,000, inakuja 60,000. Ukiona umekatwa zaidi ya hapo nenda kwa mhasibu wa ofisi yako ukaulize kwa adabu, wakati mwingine wamepiga kwenye mshahara mzima. Na ile asilimia 15 ya bodi ya mikopo sio kodi, ni deni lako la chuo, TRA usiwalaumu kwa hilo.

Ila ukiwa mwajiriwa na una kitu kingine, tuseme unafundisha chuo kimoja mjini hapa na jioni una kipindi chuo kingine, au uko Mtumba wizarani na una duka la vifaa vya simu Nkuhungu analiuza shemeji yako, hapo umeshatoka kwenye kundi la "nimekatwa kazini nimemaliza". Mapato yanajumlishwa. Na duka likiwa na TIN yako ni la kwako, shemeji haingii kwenye hesabu.

Kundi la pili ni wafanyabiashara wadogo, mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka, hao wanalipa kwa mauzo ghafi na nitakaa nao zaidi hapo chini maana ndo wengi. Bajaji, boda, daladala na magari ya mizigo wana jedwali lao, unalipa kwa aina na ukubwa wa chombo. Kundi lingine ni wataalamu: washauri elekezi, wanasheria, wahandisi, wakandarasi, watoa mafunzo. Hawa hata kama wanaingiza milioni 20 tu kwa mwaka hawaruhusiwi kutumia ule mfumo wa mauzo, wanatakiwa watengeneze hesabu za faida na hasara. Wengi hili hawalijui, wanajikadiria kama wenye genge halafu baadae wanashangaa barua.

TIN yako isafishe kabla ya Machi

Ingia kwenye mfumo wa TRA mtandaoni ukitumia TIN yako, angalia jina, namba ya simu, sehemu ya biashara na aina ya biashara. Kuna mtu alianza na saluni Chang'ombe, sasa hivi anauza mbao Kizota, TRA bado wanamjua kama saluni. Kuna wengine simu waliyosajilia walishaipoteza, kwa hiyo kila ujumbe unaotumwa anasoma mtu mwingine huko. Hivi virekebishe Januari au Februari ofisi zikiwa hazina watu.

Pia kuna TIN ya biashara na isiyo ya biashara. Kama ulichukua TIN kwa ajili ya leseni ya udereva au kusajili gari, hiyo peke yake haikufanyi ukadiriwe. Ukianza biashara unaibadilisha matumizi, huchukui TIN mpya, mtu mmoja TIN moja. Na TIN ni bure kabisa, unahitaji namba ya NIDA tu, yule kijana wa stesheneri anayekudai elfu kumi anakuuzia intaneti na usumbufu wake.

Daftari sasa

Kwa mwenye duka au mgahawa huhitaji programu ya kompyuta. Nunua kaunta buku, chora safu ya tarehe, mauzo, manunuzi, matumizi. Jaza kila siku jioni kabla hujahesabu hela ya kupeleka nyumbani. Kila mwisho wa mwezi piga jumla, weka sahihi. Risiti za manunuzi weka kwenye bahasha ya mwezi husika, na zile za EFD (mashine ya risiti ya TRA) zipige picha kabisa maana karatasi ile ikikaa kwenye joto la Dodoma miezi miwili inakuwa nyeupe kama haikuwahi kuandikwa kitu. Sheria inataka utunze kumbukumbu miaka 5, kwa hiyo usichome bahasha za mwaka jana eti zimejaza kabati.

Ukienda kununua mzigo wa jumla taja TIN yako ili iandikwe kwenye risiti. Na kama mauzo yako yamefika milioni 11 kwa mwaka wewe mwenyewe unatakiwa uwe na mashine ya EFD na utoe risiti.

Jambo lingine lipa namba. Siku hizi kila meza ya machinga ina lipa namba, sawa, ila tatizo lako ni kwamba hiyohiyo laini ndo inapokea michango ya harusi, marejesho ya vikoba, na hela ya mchezo ya kina mama wa mtaani. Siku ukiulizwa kuhusu miamala utaanza kukumbuka milioni mbili za Agosti zilikuwa za send-off ya nani. Tenga laini ya biashara. Michango ipite kwingine.

Faida ya daftari kwa shilingi

Wafanyabiashara wadogo someni hapa taratibu. Ukiwa na mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, kodi ni sifuri. Kati ya milioni 4 na 7, kama huna kumbukumbu unalipa 100,000, kama unazo unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, bila kumbukumbu ni 250,000, na kumbukumbu ni 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Juu ya milioni 11 mpaka 100, tangu Sheria ya Fedha ya 2022, ni asilimia 3.5 ya mauzo.

Sasa chukua mama lishe pale Sabasaba anayeuza wastani wa 375,000 kwa mwezi, mwaka mzima milioni 4.5. Hana daftari, laki moja. Ana daftari, 15,000. Elfu kumi na tano! Mwenye genge la milioni 10 kwa mwaka, bila daftari 250,000, na daftari 180,000. Hiyo tofauti ni sheria, sio huruma ya afisa, na kaunta buku halifiki hata elfu tano.

Ila mfumo huu wa mauzo una upande wake mbaya na lazima niuseme, hauangalii faida. Chukua dalali wa mahindi Kibaigwa, ananunua na kuuza, mauzo milioni 60 kwa mwaka lakini akitoa magunia, usafiri, wapakiaji na ushuru anabaki na milioni 3. Asilimia 3.5 ya milioni 60 ni milioni 2 na laki moja, yaani faida karibu yote imeondoka. Sheria inamruhusu mtu wa hivyo achague kutoka kwenye mfumo wa mauzo akadiriwe kwa faida halisi, kwa viwango vya mtu binafsi (vile vya PAYE hapo juu, mara miezi 12), na kwa viwango hivyo milioni 3 kwa mwaka iko chini ya kiwango cha kuanza kukatwa ambacho ni 3,240,000. Lakini sasa hapo hesabu zako ziwe hesabu kweli, tafuta mhasibu mwenye CPA, mlipe, na kila ununuzi uwe na ushahidi. Mkulima wa Kongwa au Chemba hana EFD, kwa hiyo andika jina lake, kijiji, kilo, bei, tarehe, aweke sahihi au dole gumba, na malipo yapite kwenye simu yabaki na kumbukumbu. Mtu mwenye faida nyembamba na mauzo makubwa, fanya hii hesabu kabla ya Machi. Mwenye faida nene baki huko huko kwenye asilimia 3.5, umependelewa.

Makadirio na msimu wa Bunge

Makadirio ya mwaka, kwa wanaofuata mwaka wa kawaida Januari mpaka Disemba, yanatakiwa yawe yamefika TRA ifikapo tarehe 31 Machi, na awamu za malipo ni nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Disemba. Unagawanya kwa nne. Yule wa 180,000 analipa 45,000 kila awamu.

Sasa sisi wa Dodoma tuna jambo letu ambalo mtu wa Mwanza hana. Bunge la bajeti linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, mji unajaa, gesti zinajaa, bajaji hazikamatiki, mama lishe anaongeza sufuria. Julai wakiondoka unakuta barabara nyeupe. Ukifanyiwa ukaguzi Mei, afisa akikaa dukani kwako Area D nusu saa anahesabu wateja, akizidisha mara miezi 12 umekwisha. Na hapo hajakosea, kaona alichokiona. Dawa yake ni daftari la mwaka uliopita likionyesha Mei milioni 2, Agosti laki tisa. Mweleze misimu yako kwa tarakimu. Wenye biashara ya zabibu Hombolo na Mpunguzi nao wana miezi yao ya mavuno, na wa alizeti hivyohivyo, onyesha mwezi kwa mwezi.

Na makadirio sio msahafu. Mwaka ukienda tofauti, biashara ikishuka au ikipanda, unaweza kupeleka makadirio mapya katikati ya mwaka. Usijikadirie kidogo sana makusudi ili upumue, ukija kuonekana ulijishusha mno kuna riba juu yake.

Wataalamu, tafuteni hati zenu

Dodoma hii imejaa watu wa semina, tathmini, na kuandika ripoti za miradi. Ukilipwa kwa huduma hiyo, anayekulipa anakata kodi ya zuio asilimia 5 na anatakiwa akupe hati yake. Hiyo hati ni hela. Tuseme mwaka mzima umelipwa milioni 18, gharama zako halali milioni 6, faida milioni 12, na huna ajira nyingine. Kodi ya milioni 12 kwa viwango vya mtu binafsi ni 1,536,000. Ulishakatwa asilimia 5 ya milioni 18, yaani 900,000, kwa hiyo unabakiza 636,000. Bila hati? Unaanza kubishana kuhusu ile laki tisa wakati aliyekukata mradi wake umeisha na ofisi kahamishia Arusha. Dai hati siku unayolipwa.

Gharama ni pamoja na kompyuta yako, inaruhusiwa kushushwa thamani asilimia 37.5 kwa mwaka, meza na viti 12.5. Nauli ya treni ya SGR kwenda Dar kwenye kazi ya mteja weka tiketi. Nyama choma na washkaji hapana. Ninyi wenye mahesabu, ritani ya mwaka uliopita inaingia ndani ya miezi sita, yaani mwisho 30 Juni, kwa hiyo mhasibu umwone Februari, ukimwendea Juni ana mafaili ya watu wengine mpaka sakafuni na atakupiga bei.

Nyumba na viwanja

Tangu serikali ianze kuhamia hapa 2016 kila mtu ana vyumba vya kupangisha, Ilazo, Kisasa, Nzuguni huko. Pango ni mapato. Ukimpangisha mtu fremu ya biashara au ofisi, anatakiwa akukate asilimia 10 aipeleke TRA na wewe akupe hati, kwa hiyo kwenye mkataba andikeni wazi kama hiyo laki nane ni kabla au baada ya kukatwa, ugomvi mwingi wa wenye nyumba na wapangaji unaanzia hapo.

Viwanja ndo balaa. Ukiuza kiwanja unalipa asilimia 10 ya faida, na bila kulipa jina halihami. Ulinunua milioni 5, ukapima na kujenga uzio milioni 1, umeuza milioni 14, faida ni 8, kodi 800,000. Lakini hizo milioni 6 za mwanzo lazima zionekane kwenye karatasi. Watu wana viwanja toka enzi za CDA, ile mamlaka iliyokuwa inagawa viwanja hapa mjini, ambayo ilivunjwa 2017, na karatasi zile ziko kwenye sanduku la bibi Mvumi. Zitafute sasa hivi, sio siku mnunuzi kasimama mlangoni na hela. Nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu au zaidi, faida isipozidi milioni 15, hukatwi.

Kulipa

Unatengeneza kontro namba kwenye mfumo au wanakutengenezea ofisini, unalipa benki, wakala au simu. Kabla ya kubonyeza siri angalia jina linalotokea. Hakuna afisa anayepokea kodi mkononi, wala kwenye namba yake ya simu, hata kama ana kitambulisho shingoni na anakuita mjomba. Hao ni vishoka. Ukishalipa tunza ujumbe, na leseni ya biashara ukiiomba kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, utahitaji kliransi ya TRA, kwa hiyo mwenye leseni inayoisha Aprili asichelewe ya Machi. Ushuru wa huduma wa Jiji ni kitu kingine, usiuchanganye na hii ya mapato.

Ukichelewa ritani, faini inahesabiwa kila mwezi, asilimia 2.5 ya kodi ambayo hujalipa au kiwango maalumu kilichowekwa, kile kilicho kikubwa, na riba juu yake. Huna hela? Peleka karatasi kwanza, halafu omba kwa barua kulipa kidogokidogo. Kukaa kimya ndo ghali. Na viwango vinaweza kubadilika kila tarehe 1 Julai Sheria ya Fedha mpya ikianza, si inapitishwa hapahapa mjini kwetu, fuatilia bajeti ya Juni.

Ukiona umekadiriwa kisichoeleweka, una siku 30 toka upokee hati ya makadirio kuweka pingamizi kwa maandishi, ukiambatanisha daftari na risiti. Ili lipokelewe unatakiwa ulipe kile usichobishania au theluthi moja ya kodi yote, kile kikubwa, isipokuwa Kamishna akikubali sababu zako za kupunguziwa. Siku zikipita hilo deni linahesabika umelikubali.

Na wewe uliyefunga duka mwaka juzi ukarudi Kondoa kulima, ukadhani mambo yameisha kwa sababu umefunga mlango: kama hukuandika barua TRA kwamba umefunga, TIN yako bado inahesabika ina biashara na makadirio yanaendelea kusomeka. Andika barua, ambatanisha uthibitisho wa mwenye fremu au mtendaji wa mtaa, rudisha leseni Jiji, mashine ya EFD itolewe kwenye mfumo, uombe nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Fanya hivyo Januari hii, kabla hawajaanza mwaka mwingine juu yako.